Baridi ya Sokoni

Jasho lilikuwa limemtoka Adhiambo mpaka nywele zikamlala kichwani kama nyasi zilizonyeshewa, na bado nyanya yake alikuwa akitafuta soksi ya pili.

"Hii hapa," alisema Mama Roseline. Aliikung'uta, akaivuta mpaka kwenye goti la mtoto. Ilikuwa soksi ya sufi. Juu yake kulikuwa na suruali, juu ya suruali rompa, juu ya rompa sweta aliyoifuma kwa mikono yake na kuitia vifungo vya shati kuukuu la marehemu mumewe. Kichwani palikuwa na marvini, kofia ya sufi yenye shungi, iliyookotwa kwenye marundo ya mitumba, na bila shaka ilifumwa kwa ajili ya mtoto wa nchi ambako ziwa huganda barafu watu wakatembea juu yake. Shali ilikuwa bado inangoja zamu yake kitandani. Nje, jua la ufuo wa ziwa, ng'ambo kidogo ya Sindo, lilikuwa likikaanga mabati.

Priscilla, mama wa mtoto, alisimama mlangoni, mkoba begani.

"Mama, tunaenda sokoni. Hatupandi Mlima Kenya."

"Kuna baridi."

"Iko wapi?"

"Njiani," alisema Mama Roseline, akaikunjua shali.

Priscilla binti Mwikwabe alikuwa mtu wa kusoma dalili. Alikuwa na diploma ya afya ya mifugo, na miaka yake ya kazi huko Awendo ilikuwa imemfikisha katika mazizi mengi, mkono mmoja ndani ya ng'ombe hadi begani, huku mwenye ng'ombe akimwambia kwamba mnyama alikuwa mzima kabisa mpaka asubuhi ile. Huko alijifunza kwamba ng'ombe hudanganya mara chache sana na wenye ng'ombe hudanganya kila mara. Aliwaambia wazee walio na umri wa baba yake kwamba ng'ombe wao hawakurogwa, walinyimwa dawa. Hakuwa na marafiki wengi, lakini simu yake haikukoma kulia.

Mumewe Joash, dereva wa trekta la kuvuta miwa, ndiye aliyemleta hapa kwa mama yake ili likizo ya uzazi isimkute peke yake. Priscilla alikuwa Mkuria wa Ogwedhi, hajui Kijaluo zaidi ya salamu. Mama mkwe hakujua Kikuria hata salamu. Kwa hiyo waligombana kwa Kiswahili, lugha ambayo kila mmoja wao aliivaa kama gauni la kuazima, kwa uangalifu na bila raha.

Nao waligombana juu ya jambo moja tu. Priscilla alitaka mtoto atoke na vesti, pampasi na kofia nyepesi ya jua. Mama Roseline alitaka atoke kama mzigo wa kusafirishwa.

Lililomchosha Priscilla zaidi ni kwamba mama mkwe alikuwa na jeshi. Priscilla hakuwahi kuishi mahali ambapo miguu ya mtoto wake ni mali ya umma. Akimtoa nje bila soksi, mwendesha bodaboda aliyejifunga jaketi mpaka kidevuni alipunguza mwendo ili kumwonya. Mlevi aliyelala kando ya duka la vipuri aliinua kichwa, akasema, "Madam, nimonia," akalala tena. Mwinjilisti alikatiza mahubiri. Siku moja mwanamke aliyebeba mtoto wake mwenyewe, aliye uchi wa mnyama na makamasi yamemfika kidevuni, alimpigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara: "Wewe mama! Huyo mtoto umemwokota?"

"Na wako umemsahau?" Priscilla alimjibu.

"Wangu ameshazoea!"

Madaktari watupu, aliwaza Priscilla. Ufuo mzima haukuwa na mtu wa kuchemsha maji ya kunywa, lakini kila mmoja alikuwa bingwa wa mapafu.

Basi, kwa safari za dukani alizokwenda peke yake, maana sokoni mama mkwe hakukosa kufuatana nao, akabuni njia yake. Alimwacha mama mkwe amfunge mtoto apendavyo, akatoka naye kwa adabu, na akifika nyuma ya ua wa mikatani alimenya kila kitu kama mtu anayemenya mahindi ya kuchoma. Alikitia kwenye mkoba, akaendelea na safari. Wakati wa kurudi alimvisha tena. Mama Roseline alijua. Kila jioni alikikunjua kile kisweta, akanusa makwapa yake madogo yasiyo na jasho, akakikunja tena bila neno.

Joash alipopiga simu alikuwa na jibu lake lile lile. "Mvumilie tu, Pris. Ni baridi ya ziwa."

"Wewe umezaliwa hapa. Umewahi kumwona mtu akitetemeka?"

"Asubuhi sana, labda."

"Mtoto wako amejaa vipele vya joto shingoni kama tandu amempitia."

"Trela yangu inapakiwa. Nitakupigia."

Hakupiga. Priscilla alikuwa ameolewa na mwanamume anayeweza kurudisha nyuma trekta lenye trela mbili kwenye matope, lakini hawezi kumwambia mama yake neno moja lililonyooka. Alimdharau kidogo kwa hilo, kama mtu anavyodharau kiatu kizuri kinachovuja.

Lakini mtu wa kusoma dalili hawezi kujizuia kuzisoma. Kidogo kidogo alianza kuona kwamba baridi ya mama mkwe wake ilikuwa na tabia za ajabu. Nyumbani haikuwepo: Adhiambo alilala mkekani na pampasi peke yake, hata mvua iliponyesha. Kanisani haikuwepo: mtoto alipitishwa kwenye mikono ya wanawake wa kwaya bila hata kofia. Baridi ilianza pale njia ya sokoni ilipoanza, ikazidi kwenye safu ya meza za samaki, na kwenye meza moja ikawa kali mno hata Mama Roseline akaifunika na sura ya mtoto, pua na yote, mpaka walipopita.

Ilikuwa meza ya Caren.

Caren alikaanga samaki. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mikono yenye madoa ya mafuta moto, na karai lake lilikuwa la kwanza kabisa mtu anapoingia sokoni kutoka barabarani. Samaki wake walikuwa wazuri kuliko wote, na watu walimnunulia. Lakini Priscilla alikuwa ameona jambo lingine: hakuna aliyekula pale. Kwenye meza nyingine watu waliketi, wakapasua ugali, wakalamba vidole. Kwa Caren walipokea samaki amefungwa kwenye gazeti, wakampa mgongo, wakaenda. Benchi lake lilikuwa jipya kuliko mabenchi yote sokoni.

Siku hiyo, walipokwisha kupita na shali kufunuliwa, Priscilla alisimama katikati ya njia.

"Mama, baridi hii inakaa kwenye meza ya Caren peke yake?"

Mama Roseline alitazama huku na huku. "Twende."

"Nimeuliza."

"Kuna macho," alisema mama mkwe kwa sauti ndogo. "Wengine wakiangalia mtu anakula, tumbo linamkata. Wakiangalia mtoto, mtoto anaumwa. Sisi tunaita sihoho. Hawapendi wenyewe. Wanazaliwa nayo tu."

"Nani amesema Caren anayo?"

"Hakuna mtu amesema."

"Sasa mnajuaje?"

"Kulikuwa na mtoto wa mwenye mashua. Alipewa kipande cha mbuta hapo mezani, akatapika. Halafu mwingine." Mama Roseline aliirekebisha marvini, akamwita mkwewe mama wa Adhiambo kwa Kijaluo. "Zamani hiyo. Twende, Min Adhiambo. Jua ni kali."

"Nilidhani kuna baridi."

Priscilla alicheka njia nzima. Kumbe alikuwa amebishana miezi yote hii na mtu asiyekuwapo! Alikuwa amesoma vipimo vya joto, akaeleza ngozi ya mtoto inavyopumua, akachora hata kwa kijiti mchangani, na kumbe mgonjwa alikuwa zizi jingine kabisa. Yule mtoto wa mwenye mashua alitapika samaki aliyeachwa juani. Ufuo mzima ukaona ni rahisi kumlaumu mwanamke kuliko kununua barafu. Aliwadharau wote kwa pamoja, kwa ukamilifu, na dharau hiyo ilimpa nguvu kama chai ya maziwa.

Akaamua kuimaliza.

Siku ya soko iliyofuata alitoka kabla mama mkwe hajarudi kutoka kuteka maji. Adhiambo alikuwa na vesti na pampasi, mapaja yake manene yamepakwa mafuta yakang'aa. Alipita katikati ya soko bila kujibu onyo lolote, akafika kwenye meza ya kwanza, akamwinua mtoto kwa mikono miwili juu ya karai, kama mtu anayeuza ndama mnadani.

"Caren! Huyu ni binti yangu. Hujawahi kumwona vizuri, wamemfungia kwenye blanketi. Mwangalie sasa. Mwangalie mpaka utosheke, mimi niko likizo."

Kelele za soko zilikufa meza baada ya meza. Phanice, muuza nyanya wa upande wa pili, ambaye hakuwahi kupitwa na jambo lolote maishani mwake, alisimama juu ya kreti.

Caren hakuinua uso. Aliweka upawa chini, akakamata pindo la aproni yake, akajifunika macho kama mtu aliyeingiwa na moshi.

"Mfunike," alisema nyuma ya kitambaa.

"Na wewe pia unaamini?"

"Tafadhali, mama. Mfunike mtoto."

"Mimi niko upande wako! Nataka waone kwamba huna kitu!"

"Mimi sijui kama ninacho au sina." Sauti ya Caren ilikuwa ya kawaida, sauti ya mtu anayeulizwa kama ana chenji. "Huyu mtoto ataumwa. Watoto wote huumwa. Akipata joto kidogo wiki hii, watasema ni leo. Wewe utarudi Awendo. Mimi nitarudi wapi?"

Mafuta yalichemka. Samaki aliyekuwa karaini alianza kuungua, na Caren hakumgeuza, kwa sababu ili amgeuze ingembidi aishushe aproni. Priscilla aliuona mkia ukigeuka mweusi. Hatimaye alimkumbatia mtoto kifuani, akaenda zake.

Woga mtupu, alijiambia njiani. Unamfungulia mtu mlango wa zizi, naye anakuomba uufunge. Lakini maneno hayo hayakumkaa vizuri. Harufu ya samaki aliyeungua ilimfuata mpaka nyumbani.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kliniki. Adhiambo alidungwa sindano ya chanjo pajani, akalia, akanyamaza. Muuguzi alisema joto la mwili linaweza kupanda kidogo. Lilipanda. Kulipokucha, mtoto alikuwa moto kama jiwe la kuegeshea sufuria, na Priscilla, ambaye hakuna kitu duniani alichokijua vizuri kuliko homa ya chanjo, alimpa dawa, akampangusa kwa kitambaa cha maji vuguvugu, akamnyonyesha, akangoja. Hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Phanice alifika kabla ya chai, na wenzake wa kikundi cha maombi nyuma yake.

"Tumesikia," alisema.

"Ni chanjo. Alidungwa jana."

"Woi, pole sana. Tumesikia."

Waliomba kwa sauti kubwa, wakimzunguka mtoto kiasi cha kumnyima hewa. Priscilla aliwafungulia dirisha. Mchana joto lilishuka, na jioni Adhiambo alikuwa akicheka na mkufu wa nyanya yake. Priscilla alilihesabu jambo hilo kuwa limekwisha.

Siku ya soko ilipofika, meza ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mwingine.

Meza ya Caren ilikuwa mwisho kabisa wa safu, kupita choo, pale mafundi wanapoziba mashua kwa lami. Moshi mweusi wa lami ulikuwa ukiwapitia samaki wake. Karai lilikuwa limejaa, na hapakuwa na mtu.

Priscilla alikwenda moja kwa moja kwa Phanice.

"Nani amemhamisha?"

"Amehamishwa?" Phanice alizipanga nyanya zake, kubwa mbele, zilizopondeka chini. "Hapana, dada. Kina mama waliona tu hapo mbele kuna moshi mwingi wa karai. Wageni wakishuka kwa barabara macho yanawauma."

"Huyo aliyewekwa hapo sasa anakaanga samaki vile vile."

"Yeye moshi wake ni kidogo."

"Phanice, mtoto wangu alidungwa sindano. Watoto wote waliodungwa siku ile walipata joto. Nenda kliniki ukaulize!"

"Sasa kwani mimi nimesema nini?" Phanice alifungua macho makubwa, yasiyo na hatia. "Kuna mtu amesikia nikisema kitu? Mimi nimesema moshi."

Na wanawake wote wa karibu wakathibitisha kwamba moshi ndio uliosemwa. Priscilla aligeuka kutoka uso mmoja hadi mwingine, akitafuta mtu wa kumshinda. Alikuwa na ukweli wote mkononi, na hapakuwa na pa kuuweka. Angeweza kubishana na uchawi mchana kutwa. Na moshi je?

Alimkuta Mama Roseline uani, akichambua omena kwenye ungo, kokoto huku, samaki kule.

"Wamemhamisha Caren."

"Najua."

"Wanasema ni moshi."

"Wangesema nini?" Mama Roseline hakuacha kuchambua. "Kaa chini. Unasimama juu yangu kama askari."

Priscilla alikaa.

"Unafikiri nasema baridi kwa sababu mimi ni mjinga," alisema mama mkwe. "Usikatae, uso wako hauwezi kuficha kitu. Mimi nilizaa saba hapa. Najua joto. Caren aliolewa hapa mwaka ule ule na mimi. Joash alipokataa kutoka tumboni, Caren ndiye alinishika mgongo mpaka asubuhi. Wakati huo hakuwa na jina baya. Halafu wakampa."

"Kwa hiyo huogopi macho yake."

"Naogopa. Siku zingine naogopa, siku zingine siogopi. Sijui." Aliitupa kokoto. "Lakini nikimfunika mtoto hapo, siku akiumwa, nani atasema Caren alimwona? Hakumwona. Nilimfunika. Na nikiulizwa kwa nini nafunika, nasema baridi. Baridi si mtu, Min Adhiambo. Baridi haina meza ya kuhamishwa. Caren anajua. Tangu watoto wa kwanza, nikipita nimefunika, yeye ananisalimia. Nikipita wazi, hawezi."

Priscilla aliuvuta ungo kidogo kwake, na mama mkwe kwa uungwana hakumtazama.

"Na mtoto anayechemka humo ndani?" aliuliza Priscilla.

"Anachemka kidogo. Akifika nyumbani namvua."

Priscilla aliokota kokoto moja kwenye ungo, akaigeuza vidoleni. Ghafla alimkumbuka baba yake. Mwikwabe, asubuhi za mnada wa Ogwedhi, alikuwa akimchukua ndama aliye bora kuliko wote, yule wa kubaki nyumbani, akampaka matope na mavi ubavuni kabla wanunuzi hawajapita, ili mtu asimwone akamsifu. Yeye Priscilla ndiye aliyebeba ndoo. Mtu akiuliza, baba alisema ndama ameanguka mtoni. Miaka yote alikuwa akiyaita hayo ujanja wa biashara, na hakuwahi kuyacheka.

Likizo ilikuwa inakaribia kwisha. Siku ya soko ya mwisho kabla ya kurudi Awendo, Priscilla alimvisha mtoto mwenyewe. Alianza na soksi za sufi. Akaleta suruali, rompa, na kile kisweta chenye vifungo vya marehemu. Adhiambo alipinga kila hatua kwa nguvu zake zote, na mama yake alimwelewa vizuri mno. Alipofunga kamba ya marvini chini ya kidevu, mikono yake ilisita kidogo kwa aibu ya kitaaluma. Mama Roseline alisimama mlangoni na mtungi kichwani, akitazama.

"Kuna baridi," alisema Priscilla, akachukua shali.

Mama mkwe aliufunika mdomo wake kwa kiganja.

Njia nzima alisifiwa, na hakuna adhabu iliyowahi kumwuma kama sifa zile. Mwendesha bodaboda alimpigia honi ya heshima. Mlevi alinyanyua kidole gumba. Mwinjilisti alimwonyesha kwa mkono katikati ya mfano. "Sasa hapo umekuwa mama!" alipaza sauti yule mwanamke wa upande wa pili, na mtoto wake mwenye makamasi akazungusha macho, labda kwa huruma. Priscilla aliwaitikia wote. Moyoni aliwaita majina ambayo hata ng'ombe mwenye teke hakuwahi kuitwa.

Alipita meza ya kwanza, akapita nyanya za Phanice, akapita choo. Kwenye meza ya mwisho alimfunika mtoto uso kwa ncha ya shali, kama ilivyotakiwa, akaketi kwenye lile benchi jipya.

Caren alimtazama, kisha akautazama ule mzigo uliofungwa. Mabega yake yakashuka kidogo.

"Habari yako," alisema.

"Nzuri. Nipe ngege. Yule mkubwa."

Caren alichukua gazeti.

"Usifunge. Lete sahani. Na ugali, kama uko."

Mkono wa Caren ulisimama hewani. Huku nyuma Priscilla alijua, bila kugeuka, kwamba Phanice amepanda tena juu ya kreti.

"Hapa hapaliwi," alisema Caren taratibu.

"Benchi ni la nini?"

"Ukiumwa tumbo—"

"Mimi ni mtu mzima. Nikiumwa nitanyamaza."

Sahani ilikuja. Ilikuwa mpya kama benchi, na karatasi ya dukani ilikuwa bado imeng'ang'ania chini yake. Priscilla alimlaza mtoto mapajani, akanawa, akamega. Alikula mbele ya macho ya Caren na mbele ya macho ya soko zima, mashavu yote mawili, bila staha, kama watu wanavyokula msibani. Samaki alikuwa na chumvi nzuri na ladha kidogo ya lami. Mara ya kwanza Caren alitazama pembeni. Mara ya pili alitazama mikono ya mlaji. Mwishowe alimtazama yeye mwenyewe, kinywa na koo, kwa mshangao wa mtu anayeona kitu alichokuwa akikipika kila siku kikiliwa.

Adhiambo alianza kuguna kwa hasira ndani ya shali. Mguu mmoja ulipenya nje, umefura kwa sufi, ukapiga hewa.

"Huyu mtoto anachemka," Caren alisema chini kwa chini.

"Kuna baridi," alijibu Priscilla, mdomo umejaa.

Caren alicheka. Kicheko kilitoka kwa kukwaruza, kama mlango wa duka lililofungwa muda mrefu. Kisha, bila kuutazama mguu, akiangalia ziwani kana kwamba mkono ule ulikuwa wa mtu mwingine, aliingiza kidole kwenye ukingo wa soksi, akaivua. Vidole vya mtoto vilitanuka, kimoja kimoja.

Priscilla alilamba mifupa, akalipa, akaaga.

Tumbo lilianza alipokipita choo. Kwanza lilikuwa mgurumo tu, halafu likawa mkato wa kweli, chini ya mbavu, uliomfanya asimame. Mara moja akawa kazini: mafuta yaliyorudiwa mara nyingi; njaa ya asubuhi; kula haraka kama mwizi. Sababu zilikuwa nyingi na zote nzuri. Alizipanga. Alipofika kwenye nyanya, jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso, na mkono wake mmoja, bila ruhusa yake, ulikuwa umelishika tumbo.

"Dada!" Phanice aliteremka kutoka kwenye kreti. Wanawake wengine waliegemea mbele, kila mmoja na biashara yake mikononi. "Mbona hivyo? Unaumwa?"

Mwisho wa safu, kupitia moshi, Caren alikuwa amesimama. Alikuwa na soksi mkononi.

Priscilla alijinyoosha. Mkato ulimpitia tena, taratibu, ukaisha au ukajificha. Aliuchukua ule mguu mdogo uliokuwa wazi juani, akaurudisha ndani ya shali.

"Baridi," alisema. "Ni baridi tu."